Osha Juu Juu Tu

Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, Kitinda alitandika shuka jeupe uani, akajifunga kibwebwe, akaisukuma pikipiki ya baba yake hadi karibu na bomba, kisha akaikazia macho.

"Leo ni mimi na wewe," akaiambia. "Na mimi sirudi nyuma."

Kitinda halikuwa jina lake, lakini nani alilikumbuka jina lake? Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na ingawa alishatimiza miaka thelathini na minne, ana kazi yake na leseni yake ya kuendesha, jina hilo lilimganda tangu utotoni. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vifaa vya chumba cha upasuaji: mikasi, koleo, visu. Kule hospitali hakuna kitu kinachoitwa safi kiasi. Kama hakijatakata, kinarudi kwenye beseni, basi. Miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo ilikuwa imemharibu kabisa. Hata akikaribishwa chai kwa watu, lazima akigeuze kikombe aangalie kitako chake kwanza, aibu iwapate wenyeji.

Sasa pikipiki hii haikuwa pikipiki hivi hivi. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mita, alikaa juu yake miaka thelathini na miwili akipita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji. Alipostaafu aliondoka nayo. Tangu mkewe afariki, ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi: aliiwasha, akaenda mpaka kibanda cha magazeti kule kona, akarudi. Gazeti alinunua kila siku bila kukosa. Siku hizi Kitinda alilikuta jioni limekunjwa vilevile, halijafunguliwa, akadhani siasa zimemchosha mzee.

Kilichomleta hapo bombani ni maneno ya Jumapili iliyopita. Kaka mkubwa, muuza mabati, alikuja kusalimia, akaikuta pikipiki imesimama ukutani imejaa tope lililokauka, mnyororo umevaa koti la grisi na mchanga, spoki hazionekani.

"Baba, hii si pikipiki tena, hili ni shamba," alisema. "Kilichobaki ni kupanda mbegu. Mtu anayejiweza haachi chombo chake kifike hapa. Kuna fundi mmoja anaitaka. Jumamosi nakuja kuichukua."

Mzee Mita hakufoka. Angefoka, Kitinda angepata nafuu. Aliinamisha kichwa tu akasema, "Ukiichukua hiyo, nichukue na mimi ukaniuze."

Kitinda akajikuta ameshasimama. "Kaka, subiri. Jumamosi saa kumi uikute imetakata. Iwake mbele yako, iende mpaka kona, irudi. Ikifanya hivyo, maneno haya yaishe, usiyalete tena humu ndani."

"Na isipofanya?"

"Utaondoka nayo. Sitasema neno."

"Mpaka kona na kurudi," kaka akarudia, na wakapeana mikono. Mzee naye akaitikia haraka haraka, tena kwa kujiamini, mpaka Kitinda akafurahi.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa na ndoo tatu, sabuni ya unga, chupa ya mafuta ya taa, miswaki mikuukuu minne na kisu butu cha jikoni. Mzee alikuwa anakwenda kwa kinyozi, ili hiyo saa kumi imkute nadhifu. Alipita uani akigusa ukuta kwa vidole, kama alivyozoea siku hizi. Magoti, Kitinda aliwaza. Uzee huanzia magotini.

"Osha juu juu tu, mwanangu," mzee alisema akiwa mlangoni. "Matope yakitoka, inatosha. Kule kwenye hendo na koki niachie mwenyewe."

"Sawa, baba," Kitinda alijibu.

Sawa gani! Kumwambia Kitinda aoshe juu juu ni kumtukana. Mlango ulipofungwa tu, akasonya. Juu juu! Kaka aje na macho yake yale ya kukagua mabati, akute tope limejificha kwenye kona, halafu aseme si unaona? Thubutu.

Akafunga koki ya petroli, akaziba mdomo wa ekzosi kwa mfuko wa nailoni, akafungua kiti na vifuniko vya pembeni na kuvipanga kwenye shuka jeupe kwa mstari, kama wanavyopanga vifaa kabla daktari hajaingia. Akaanza na mnyororo. Mafuta ya taa, mswaki, kitambaa. Mafuta ya taa, mswaki, kitambaa. Saa nzima maji yalitoka meusi tii. Kucha mbili zikakatika, mgongo ukamlilia, jirani akachungulia juu ya ukuta na kumuuliza kama anaosha au anapigana.

"Vyote viwili," akajibu bila kuinua kichwa.

Spoki zilikuwa sabini na mbili, magurudumu yote mawili. Alizihesabu kwa sababu alizisugua mojamoja. Kila alipochoka alijiambia ajikaze kisabuni, na sabuni yenyewe ilikuwepo, imejaa tele. Ilipofika saa saba tangi lilikuwa limerudia wekundu wake wa zamani, na injini ilionyesha mapezi yake yote ya kupozea. Kitinda alicheka peke yake kwa furaha. Njoo, kaka, njoo na macho yako.

Alipofika kwenye hendo ndipo alipochoshwa na baba yake. Jamani, mzee huyu! Vibonyezo vilikuwa vitatu, taa, indiketa na honi. Juu ya kile cha taa pameganda tone la lami. Juu ya kile cha honi, matone mawili. Tundu la ufunguo limezungukwa na gundi ngumu, kibonge kibonge, kama pete. Choki, ule mkono wa kuvuta injini ikiwa baridi, imezungushiwa uzi. Na ile koki ya petroli, ambayo mkono wake ulishavunjika zamani ukabaki mviringo tu, imebandikwa donge la gundi lenye ukubwa wa punje ya mahindi.

"Baba wewe!" alisema kwa sauti. "Ulikuwa unakula gundi au unabandika?"

Akachukua kisu butu. Gundi ilikuwa ngumu, lakini Kitinda alikuwa mgumu zaidi. Lami ilikwenda kwa mafuta ya taa. Alipofika kwenye uzi mkono ulisita kidogo. Ulikuwa umefungwa kwa fundo zuri, dogo, la mtu aliyetulia. Nani anafunga fundo kwenye uchafu? Kisha akatupa jicho kwenye saa, akaona tisa imekaribia, akakata. Akafuta, akapitisha kidole, pakawa laini kila mahali. Akarudisha kiti na vifuniko, akatia mnyororo mafuta mapya. Ingepita hata mbele ya msimamizi wake wa kazi, yule mama asiyecheka na mtu.

Mzee alirudi saa kumi kasorobo, kichwa kinang'aa. Kaka aliingia nyuma yake, amevaa viatu vya kazi, kamba ya kufungia mzigo begani. Kamba! Kitinda aliiona.

Lakini kaka mwenyewe alisimama mdomo wazi. Aliinama, akapitisha kidole chini ya madigadi, kwenye mnyororo, katikati ya spoki. Kidole kikatoka kama kilivyoingia.

"Haki ya Mungu," akasema. "Hapa sina neno. Haya, baba. Mpaka kona na kurudi."

Mzee Mita aliijia pikipiki kwa hatua za mtu anayekwenda kumsalimia rafiki. Akapanda. Akatoa ufunguo, akaupeleka kwenye tundu, ukakwaruza chuma. Akajaribu tena, ukakwaruza pembeni. Akatumia kidole gumba kutafuta, kikapita, kikarudi, kikapita.

"Taratibu, baba, hakuna anayekufukuza," kaka alisema.

Ufunguo ukaingia. Mzee akabonyeza kuwasha taa, honi ikalia. Akashtuka, akaondoa mkono haraka kama aliyeungua. Kaka akacheka kidogo. Kitinda hakucheka. Mzee akapiga kiki mara mbili, na injini ikaitikia, tena kwa sauti tamu, safi, ya kuchezea. Wote watatu wakavuta pumzi.

Ikawaka kidogo, ikakohoa, ikazima.

"Koki, baba," kaka akasema. "Imefungwa. Si unaona mshale?"

Mzee aliinamisha mkono pembeni ya tangi. Hakuinamisha macho, mkono tu. Vidole vikaifikia koki, vikaizunguka, na kidole kimoja kikasimama mahali pamoja kikipasugua, kikipasugua. Palikuwa ni pale pale penye donge la gundi.

Kitinda akakitazama kile kidole. Gazeti lisilofunguliwa. Ukuta unaoguswa kwa vidole. Tone moja taa, matone mawili honi. Fundo dogo zuri. Aliona yote kwa mpigo, na aliona pia mikono yake mwenyewe na kile kisu butu, saa nzima, ikimng'oa mzee macho moja baada ya jingine. Na wakati inafanya hivyo alikuwa anamdhihaki! Yeye, mtu wa hospitali, aliyelala nyumba moja naye.

Neno moja lingetosha. Angesema tu, "Zungusha nyuma, baba," mzee angewasha, angekwenda kwa mazoea mpaka kona, angerudi, na kamba ya kaka ingerudi bila mzigo. Mzee aligeuza uso upande wake, akingoja. Alikuwa anamngojea yeye, Kitinda alijua, na kule nje barabarani watoto walikuwa wanacheza mpira.

Akasogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake.

"Donge halipo, baba," akasema. "Nimelibandua mimi. Na lami, na uzi. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

Mzee akaiachia koki. Mabega yalishuka.

"Nilikwambia juu juu," akasema.

"Uliniambia."

"Donge gani?" kaka akauliza. "Mnazungumza nini nyie?"

"Sioni, mwanangu," Mzee Mita akasema, akitazama mbele kusiko na mtu. "Jicho la kushoto lilikwenda mwaka juzi. La kulia linanipa mwanga, na watu nawaona kama nguo zilizoanikwa. Miaka yote nimesoma namba za watu kwa macho haya. Niliona haya kusema."

Kaka aliitupa kamba chini. "Na unapanda pikipiki! Baba! Ungeua mtu! Ungekufa!" Alikuwa anapiga kelele, lakini machozi yalikuwa yanamlenga. Akajifuta kwa mkono wa shati. "Basi. Imekwisha. Leo hii inaondoka, tena bora imeondoka."

"Hakika, ichukue," mzee akasema, na akaanza kushuka.

"Usishuke," Kitinda akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amelowa bado, kibwebwe kiunoni, mafuta ya taa mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, tulipeana mikono. Itakate, iwake, iende mpaka kona, irudi. Kuna mtu alitaja nani wa kuendesha?"

"Usilete ujanja, Kitinda."

"Sileti ujanja. Baba hataishika tena hendo hii, na hilo nitalisimamia mimi, hata akininunia mwaka mzima. Jumatatu nakwenda naye kliniki ya macho, hata kama ni kumbeba. Lakini pikipiki haiuzwi. Mimi nina leseni, yeye ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi kabla ya kazi nampeleka kuchukua gazeti lake, na jioni namsomea, siasa na vifo na kila kitu. Na kuiosha ataiosha mwenyewe, maana mikono yake inaijua kuliko macho yangu. Baba, sogea nyuma."

Kusogea nyuma kwenye kiti kile, ambako hakuwahi kukaa hata siku moja, kulimgharimu mzee, na Kitinda aliona. Kisha akasogea, polepole, mpaka mwisho wa kiti.

Kitinda akapanda. Akafungua koki, akapiga kiki. Kaka alisimama kidogo akiwa amejishika kiuno, halafu akaenda kufungua lango bila kuambiwa.

Wakatoka. Walipita watoto wa mpira, wakapita saluni. Mzee alikaa wima, mikono mapajani mwake mwenyewe, hamshiki mtu. Alikuwa anaisikiliza injini.

"Ukipita duka la dawa," akasema sikioni mwake, kwa sauti ya mwalimu, "kwepa upande wa fundi cherehani. Pana shimo baya."

Kitinda alitazama. Lami ilikuwa imenyooka, nyeusi. Na upande wa fundi cherehani, pale ambapo mzee alikuwa anakwepea kila asubuhi, fundi alishasogeza meza yake barabarani, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi, mmoja na mtoto mgongoni.

"Lilizibwa, baba."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Wakalipita duka la dawa. Wakalipita benchi, na yule mtoto akawapungia mkono. Ndipo Kitinda alipohisi mikono miwili inamshika kiuno, kwa nguvu, kama ya mtu anayeogopa kuanguka.

"Basi nyoosha, mwanangu," baba yake akasema.

Akanyoosha.