Vidole vya Mzee Fabiani

Mzee Fabiani wa Pito alikuwa mbishi, lakini dhuluma hakuijua. Ndiyo maana wakulima walimkabidhi banio la mfereji wao: ubao uliokinga maji yakajaa nyuma yake, kisha yakamwagika juu ya ukingo kwenda mashambani. Sharti lilikuwa moja. Kina juu ya ukingo kikifika vidole vinne, kila shamba linapata zamu. Kikipungua, shamba la mwisho linakosa.

Shamba la mwisho lilikuwa la Hellena, mjane aliyehamia kutoka Usukumani na watoto watatu. Asubuhi hiyo Fabiani aliweka vidole pale pale maji yanapomwagikia. Vitatu. Hii ilikuwa zamu ya tatu mfululizo Hellena kukosa maji, na vitunguu vyake vilishaanza kulala. Ilimuuma, maana alimpenda kama bintiye. Lakini sheria ni msumeno.

“Baba Monika,” mkewe Bertilla alimwita kutoka nyuma ya banio, alikokuwa akifua. “Jana mlipofunga mfereji kusafisha, maji yalitulia sawasawa na ukingo. Nikachomeka tete hapa, nikafunga uzi kwenye usawa wake. Njoo upimie hapa.”

“Maji ni yale yale, mama.”

“Wewe pima, ubishi baadaye.”

Alipima juu ya uzi. Vinne. Akarudi ukingoni: vitatu. Akainama, akatazama maji kwa ubavu. Yakikaribia kumwagika yalishuka kwanza, kama mtu anayeinama kupita mlango mfupi. Kina chenyewe kilikuwa nyuma, yalikotulia. Fundi aliyefunga ubao alikuwa amemwambia apime hatua mbili nyuma ya ukingo. Fabiani alidhani fundi anauhurumia uzee wake asije akateleza, akakasirika!

Alikwenda shambani kwa Hellena suruali ikichuruzika maji.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mwanangu, maji yalikuwepo. Nilipima vibaya.”

“Hata mwaka jana?”

Mwaka jana vitunguu vilikauka vyote, na Fabiani ndiye aliyempelekea pole na debe la mahindi.

“Hata mwaka jana.”

Hellena aligeuka kuvitazama vitunguu vyake vilivyolala. Kisha akamnyooshea jembe.

“Fungua mwenyewe, baba. Mimi nikifungua nitalia.”

Mzee Fabiani akafungua maji, na aliyelia akawa yeye.