Gitaa Ngumu na Rahisi

Mwaka 1992 kila mtu Kigali alikuwa na chama, kofia ya chama na wimbo wa chama. Mimi nilikuwa na digrii ya falsafa. Wizara zote nilizozipelekea digrii hiyo zilinipongeza kwa moyo mkunjufu, kisha zikanionyesha mlango. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta gitaa.

Gitaa lilikuwa la dada yangu, Gaudiose. Alikuwa akipigia kwaya ya parokia huko Kabuga, mpaka vita vya kaskazini vilipomrudisha mchumba wake ndani ya sanduku. Akaacha kusema, tukampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera. Siku moja nilimletea gitaa lake la zamani. Alipapasa nyuzi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wiki haikuisha, mgonjwa mmoja, Nzeyimana, dereva mnene na mpole ambaye hukaa popote uchovu unapomkuta, akalikalia gitaa. Gaudiose akarudi kutazama ukuta.

"Leta lingine, Viateur," alisema Sista Xavérine, muuguzi wake. "Ila liwe *ikomeye*. Huku kila mtu atataka kulishika."

*Ikomeye*, kwa Kinyarwanda, ni kitu madhubuti. Nililibeba neno hilo hadi Biryogo, ambako biashara hufanywa kwa Kiswahili, nikalitafsiri njiani peke yangu, bila msaada wa mtu. Ndiyo faida ya elimu ya juu.

"Natafuta gitaa ngumu," nilimwambia Maneno, muuza redio, pasi na magitaa yaliyokwisha kupendwa na watu wengine.

Alitazama vidole vyangu laini. "Ngumu?"

"Ngumu kabisa. Lakini iwe rahisi."

"Ngumu, halafu rahisi." Alimgeukia jirani yake wa viatu. "Umesikia? Hawa ndio watatuletea demokrasia."

Alinitolea la kwanza, jembamba, jekundu. Lililia tamu hata jirani akaacha kushona kiatu. Niligonga tumbo lake, likabonyea kama boksi la maandazi. Nikakataa. La pili lilikuwa na stika kubwa ya Bikira Maria, na chini ya stika palikuwa na ufa.

"Hii inalindwa," alisema Maneno.

"Nyingine hakuna?"

Alivuta la tatu kutoka chini ya meza, kwa mikono miwili. "Fundi yake anatengeneza vitanda."

Nililigonga, likajibu kama mlango wa kanisa. Maneno alililaza sakafuni, akapanda juu yake na viatu, akanyoosha mikono kama padri anayebariki.

"Iko ngumu ama haiko ngumu, profesa?"

"Inalia vizuri?"

"Wewe uliuliza kulia? Uliuliza ngumu."

Hoja hiyo sikuweza kuipinga, na nilikuwa nimesomea kupinga hoja. Nilimpa pesa yote niliyokuwa nayo na koti langu la mahafali juu yake. Wizara zilikuwa zimeshaliona vya kutosha.

Kule Ndera, Gaudiose alilipokea gitaa. Akalishika vizuri, akaweka vidole shingoni mwa gitaa, akakandamiza. Nyuzi zilikuwa zimesimama juu mno ya ubao. Alikandamiza mpaka vidole vikawa vyeupe, ukatoka mlio wa bati likikwaruzwa. Akajaribu tena. Kisha akalisukuma pembeni na kuugeukia ukuta wake.

Sista Xavérine alijaribu, akapuliza vidole. "Hii ni ngumu."

"Ndiyo, Sista. Kama ulivyosema."

"Nasema ngumu, Viateur. Haipigiki!"

Ndipo nikaelewa nilichokinunua, tena kwa pesa taslimu. Nilikaa chini nikilitazama lile gitaa lililolazwa kwenye benchi. Nzeyimana akaja, amechoka, akalikalia. Sote tulifumba macho. Hakuna kilichovunjika. Alijisogeza kidogo apate nafasi nzuri, nyuzi zikanguruma chini yake, akaruka kwa aibu. "Samahani, madamu," aliliambia gitaa.

Gaudiose alikuwa amegeuka kusikia ule mngurumo. Alinyoosha mkono, akalivuta gitaa, akalilaza chali mapajani, nyuzi juu, kama marehemu babu yetu alivyokuwa akilaza *inanga* yake jioni. *Inanga* haikandamizwi: unadonoa tu nyuzi, kila uzi na sauti yake. Akadonoa mmoja, akasubiri. Akadonoa wa pili. Alizungusha ufunguo mmoja, akatega sikio, akaongeza kidogo. Polepole ukaja wimbo wa babu, wenye mapengo, lakini ule ule, na Nzeyimana akaanza kutikisa kichwa.

Alipofika mwisho aliligonga tumbo la gitaa kwa kidole, kama nilivyoligonga mimi.

"Viateur," alisema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kazi, "nani amekuuzia kitanda?"

Akaanza kudonoa tena. Nilikuwa nalia, na gitaa nalo, hatimaye, lilikuwa linalia.