Misumari Kumi na Tisa

Fundi Nasibu hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomponza. Mjinga angeuliza.

Gereji yake ilikuwa Masasi mjini, na sifa zake zilipanda mpaka Newala. Gari lililoletwa likivutwa kwa kamba liliondoka likijiendesha. Kwa miaka thelathini alifanya kazi kama mafundi wote wa kusini wanavyoifanya: springi ya lori inakatwa mpaka ifae kwenye pikapu, gasketi inachongwa kwenye kandambili, bomba lililopasuka linafungwa mpira wa baiskeli. Hakuna aliyelalamika. Spea ziko Dar es Salaam, mwenye gari yuko Masasi, na magunia yake ya korosho yanangoja.

Baba yake, Mzee Yunusi wa Mkunya, huko juu Newala, alikuwa bingwa wa mambo hayo kabla yake. Alikuwa na Landrova ndefu ya mwaka sabini na moja, na kwa miaka zaidi ya thelathini gari hilo ndilo lililoshuka na kupanda mteremko wa Newala. Lilipandisha mapipa ya maji, likashusha korosho, likashusha wagonjwa na wajawazito kwenda hospitali bondeni. Mwisho lilimshusha mkewe mwenyewe, Zuhra, ndani ya jeneza, kwenda kuzikwa kwao Chiwata. Baada ya safari hiyo Mzee aliliegesha bandani na hakuliwasha tena. Miaka ikapita, presha ya macho ikamchukua, akawa haoni hata mwanga wa mlango.

Sikukuu moja ya Idi, watoto wakiwa wamekusanyika wanakula ming'oko, vile viazi pori vya kusini, Mzee alisema lake. Alisema bila kupandisha sauti, maana hakuwa mtu wa maneno.

"Mama yenu amelala Chiwata peke yake. Siku yangu ikifika msinizike hapa. Nipakieni kwenye gari langu mnishushe kwake. Gari langu, si la kukodi."

"Baba, lile gari limekufa," alisema Adija, binti yake, aliyekuwa akiishi naye na kumtunza.

"Kwani kaka yako anafanya kazi gani?"

Watu walicheka, Nasibu akacheka kuliko wote. Lakini moyoni aliapa. Alikuwa na deni moja la zamani kwa baba yake, na halikuwa la fedha. Alipokuwa kijana aliuza tairi la akiba la gari hilohilo, akasema limedondoka mteremkoni. Mzee alikuja kulikuta Lukuledi, limefungwa kwenye gari la mtu. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na maneno hayo yalikaa kifuani mwa Nasibu mpaka akaota mvi. Gari hili lingeyafuta.

Siku lilipopakiwa kwenye lori kupelekwa Masasi, Adija alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Kaka, lile benchi la baba la nyuma usilitupe."

"Sawa, Mama Shakila," alijibu Nasibu, huku akiangalia kama kamba zimekaza. Adija hakueleza zaidi, kwa sababu alidhani kaka yake anajua. Nani asingejua?

Sasa hapo ndipo alipoingia Mwalimu Fortunatus. Huyu alikuwa mwalimu wa ufundi, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Masasi na serikali, mpole, msafi, mwenye ugonjwa mmoja tu: magari ya zamani. Alikuwa na kitabu cha Landrova chenye picha za kila kipande, na siku alipoliona gari la Mzee Yunusi uani pa gereji alilizunguka mara tatu.

"Fundi," alisema mwishowe, "hili si gari. Hiki ni kiraka kilichoota magurudumu."

Nasibu alicheka, lakini lilimuuma. Mwalimu akafungua kitabu. Akamwonyesha jinsi gari hilo lilivyotoka kiwandani: kijani chake kilikuwa kipi, taa zake zilikuwa za aina gani, hata skrubu za mlango zilikuwa ngapi. Akamwambia wako watu duniani wanaorudisha magari hivyo, kipande kwa kipande, mpaka gari linakuwa kama siku lilipozaliwa. Fundi aliyeishi maisha yake yote kwa kubahatisha alisikia maneno hayo na kitu kikamwingia. Alijiona amedharauliwa na kazi yake mwenyewe. Baba yangu, alijisemea, atapanda gari lenyewe, si kiraka.

Basi akaanza kung'oa. Mzee aliwahi kufunga injini ya dizeli ya gari jingine, yenye mngurumo uliosikika tangu kijiji cha pili. Nasibu aliitoa, akatafuta injini ya petroli ya asili mpaka akaipata Nachingwea kwenye gari lililokufa. Boneti lilikuwa na bonde, akalinyoosha. Kirungu cha gia kilikuwa cha mpingo, Mzee alikichonga mwenyewe, nacho kikaenda, kikaja cha plastiki nyeusi kama cha kitabuni. Kila kitu kilichotoka alikitafuta picha yake kwanza, na kisichokuwa na picha hakikurudi.

Benchi halikuwa na picha. Lilikuwa la mbao za mninga, limefungwa nyuma ubavuni, jeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho ambayo Mzee alikuwa akilipaka ili mchwa wasile. Kwenye ukingo wake kulikuwa na msururu wa misumari ya bati, ile yenye vichwa vipana. Nasibu aliikumbuka tangu utotoni. Alidhani inashikilia ubao. Aliing'oa mmojammoja kwa koleo, akainyoosha juu ya chuma kama fundi yeyote anavyonyoosha msumari, maana msumari hautupwi. Mmoja ulikuwa umepinda na kulala kabisa, aliupiga mara tatu ndipo ukakubali. Yote akaitia kwenye kopo la misumari. Mbao akampa Bibiana, mama lishe wa jirani, akapikie.

Kazi ilimla miaka miwili. Ilipokwisha, Mwalimu Fortunatus alikuja na kitabu chake, akalinganisha kutoka bampa mpaka bampa, kisha akavua miwani na kuifuta. "Ni asili tupu," alisema. "Hata aliyelitengeneza asingelijua kama limewahi kutumika."

Nasibu aliyachukua maneno hayo kama tuzo. Hakuyasikiliza vizuri.

Alipanda nalo Mkunya siku ya Ijumaa asubuhi, na watoto wa shule walilikimbilia barabarani. Adija alimtoa Mzee nje kwa kumshika mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

"Nimekuletea. Lishike."

Mzee alinyoosha mikono yote miwili. Ilipita juu ya boneti polepole, ikafika mahali fulani, ikasimama, ikarudi, ikapita tena.

"Hapa palikuwa na bonde."

"Nimelinyoosha, baba."

"Liwashe."

Nasibu aliliwasha. Injini ililia kwa adabu kama cherehani. Mzee aliinamisha kichwa.

"Mbona huliwashi?"

"Linawaka, baba. Ndiyo sauti yake ya asili hiyo."

Mzee aliomba apelekwe nyuma. Akapandishwa, akakalishwa kwenye kiti kipya cha ngozi ya plastiki, na vidole vyake vikaanza kutafuta ukingoni, chini ya kiti, pembeni, hata sakafuni. Vilitafuta kwa muda mrefu. Adija alifunika mdomo kwa kanga.

"Misumari iko wapi?"

"Misumari gani, baba?"

Uso wa Mzee ukabadilika. Haukuwa wa hasira, na heri ungekuwa. Ulikuwa uso wa adabu, ule anaopewa mgeni.

"Gari zuri," alisema. "Mwenye nalo ana bahati. Langu umemuuzia nani?"

Nasibu aliapa kwa Mungu. Alikichukua kidole cha baba yake akakiweka juu ya namba iliyogongwa kwenye chuma cha chini. Mzee alisema hajawahi kuijua namba hiyo, na hata angeijua, namba si gari. Adija aliapa naye. Mzee akasema dada mtu lazima amfiche kaka yake, ndivyo undugu ulivyo. Kisha akaomba arudishwe ndani akaswali.

Adija alimwita kaka yake nyuma ya nyumba.

"Kwani hukujua?" alisema, na alikuwa analia. "Kila mtoto aliyezaliwa humo garini kabla ya kufika hospitali, baba alipigilia msumari. Kumi na tisa. Na wewe umo. Tangu apofuke, kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anapapasa ukuta mpaka bandani, anaihesabu, hadi ulipolichukua gari. Nilikwambia usilitupe benchi!"

Nasibu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alijua siku zote kwamba alizaliwa njiani. Mama yake aliwahi kumwambia, na yeye hakuuliza njia gani wala ndani ya nini.

Alirudi Masasi mbio. Bibiana alikuwa anageuza chapati.

"Zile mbao?" alisema. "Ee, fundi, zile zilikuwa na mafuta! Ziliwaka mpaka nikatoa maharage mapema. Huna nyingine?"

Kopo la misumari lilikuwa mahali pake. Alilimwaga chini. Misumari ya bati ilikuwa mamia, yote imenyooka, yote inafanana, na mikono iliyoifananisha ilikuwa yake mwenyewe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nasibu hakuuacha tu, aliuchoma.

Mtu mwingine angepanda tena Mkunya siku hiyohiyo, akaketi miguuni pa baba yake na kumwambia: nimelichoma benchi lako, nilikuwa sijui. Ulikuwa ukweli wa aibu lakini ulikuwa ukweli, na pengine Mzee angeupokea. Nasibu alikuwa fundi. Alichokijua ni kutengeneza.

Alinunua kitanda cha zamani cha mninga, akakipasua, akaunda benchi kipimo kilekile. Alilipaka mafuta ya maganda ya korosho mara nne, mpaka mikono ikambabuka. Akachagua misumari kumi na tisa iliyoshika kutu, akaipigilia ukingoni kwa nafasi sawasawa. Mwalimu Fortunatus alipita akaona.

"Fundi, unaliharibu! Hilo si la asili."

"Mwalimu, ondoka hapa," alisema Nasibu, na nyundo ilikuwa mkononi. Mwalimu aliondoka.

Safari hii Mzee hakushika boneti. Alipandishwa nyuma moja kwa moja.

"Benchi lilikuwa kwa seremala, baba, linakazwa," alisema Nasibu. "Limerudi."

Mzee alilinusa. Kidole chake cha shahada kikatua juu ya msumari wa kwanza, kikaenda wa pili, wa tatu, midomo ikihesabu. Kwenye wa saba kidole kilisimama. Kilizunguka kichwa cha msumari, kikazunguka tena, kisha kikaendelea bila haraka mpaka mwisho.

"Kumi na tisa," alisema Mzee.

"Kumi na tisa, baba."

"Haya. Ahsante, mwanangu. Umehangaika sana."

Nasibu alishuka mteremko kwa pikipiki ya kukodi, gari akaliacha pale, na njia nzima alikuwa anaimba. Miaka mingi hakuwa amefurahi hivyo. Siku ya tatu Adija akashuka Masasi. Hakukubali kiti wala maji.

"Baba amesema akifa azikwe hukohuko Mkunya. Abebwe kwa miguu."

"Na mama je?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akasema, 'Sitaenda kwa Zuhra ndani ya gari la watu.'" Adija alikaza kanga kiunoni. "Kaka, msumari wa saba ni wako. Siku hiyo mkono ulimtetemeka, mtoto wake wa kwanza, akaupiga vibaya ukapinda ukalala. Akauacha hivyohivyo. Kila Ijumaa akifika hapo alikuwa anapumzisha kidole. Wewe umemwekea ulionyooka."

Nasibu alikumbuka yale mapigo matatu.

Alipanda siku hiyohiyo, akaeleza yote, kitabu, Bibiana, kopo, kitanda cha mninga, hakuficha hata kimoja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Lakini ukweli ulikuwa umechelewa. Ulikuja nyuma ya uongo, umevaa nguo zilezile.

"Sawa, mwanangu."

"Baba, unaniamini?"

"Shida zina mambo yake. Kuuza, mtu huuza. Lakini ulikishika kidole changu mwenyewe ukakidanganya."

"Nipe radhi basi, baba."

"Radhi nimekupa zamani," alisema Mzee Yunusi. "Gari ndilo sina."

Alifariki mikorosho ilipokuwa inatoa maua. Watu walijaa Mkunya, wengine watu wazima waliozaliwa mteremkoni ndani ya gari lake, na jeneza likatolewa kwa miguu kama alivyoagiza. Njia ya makaburini ilipita uani, na uani Landrova ilikuwa imesimama, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Mwalimu Fortunatus, aliyepanda kuja kuzika, hakutaka kuitazama lakini macho yalimwenda.

Nasibu alikuwa mbele, bega la kulia chini ya baba yake. Walipolifikia gari, waliokuwa nyuma walipunguza mwendo, wakidhani labda watasimama. Nasibu akabadilisha bega, wakapita.