Seva Isiyogoma Alhamisi

Saa moja na robo asubuhi, Jumatano, seva ya mashine ya mpunga ya Iqbal pale Ubaruku iliwashwa, ikaandika mistari kadhaa ya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikasimama. Bila seva mizani haitoi risiti, na bila risiti Iqbal hapokei mpunga wa mtu. Hadi alipofika mwenyewe, akaizima na kuiwasha upya ikawaka bila tatizo, fuso mbili zenye mpunga zilikuwa zimeshageuza kwenda mashine ya jirani.

Akampigia simu Bupe, fundi wa kompyuta mwenye ofisi Kihesa, Iringa. Bupe ndiye aliyeiwekea seva hiyo mfumo endeshi mpya mwezi uliopita, na ndiye aliyeagiza kwamba ikikwama asiiguse mtu ila mwenye mashine. Tangu hapo asubuhi nyingine iliwaka, nyingine iligoma.

"Fundi, mfumo wa zamani ulikuwa mzee lakini ulikuwa unaamka," alisema Iqbal. "Keshokutwa isipoamka yenyewe, unanirudishia wa zamani. Na lile ghala langu la vitunguu la Ruaha Mbuyuni nitatafuta mtu mwingine wa kulifungia kompyuta."

Ghala hilo lingekuwa kazi kubwa ya kwanza ya Bupe tangu aache kuajiriwa. Alasiri alikuwa Ubaruku.

Aliizima seva na kuiwasha. Ikawaka. Akarudia, ikawaka tena, mpaka Bi Mwanahawa, karani wa mizani, akaanza kuionea huruma.

"Mwanangu, na yenyewe inachoka."

Bupe alipima umeme, ulikuwa mzuri. Alipima kumbukumbu na diski kuu, zilikuwa nzima. Hakupata kosa, na hilo lilimuudhi kuliko kama angepata kumi.

"Inakuogopa," alisema Iqbal. "Ungehamia hapa, tungemaliza."

Alhamisi asubuhi Bupe alikuta seva imeshawaka na risiti zinatoka. Iqbal alikuwa amechangamka.

"Umeiponya."

"Sijaiponya. Leo haikuumwa tu."

Ng'washi, mkulima wa Kisukuma aliyekuwa akileta mpunga kwa mkokoteni wa ng'ombe karibu kila siku msimu ule, alicheka akiwa juu ya magunia yake.

"Alhamisi huwa haigomi, fundi. Jumatatu pia. Siku hizo mimi nawahi. Siku nyingine nanywesha ng'ombe kwanza."

"Una hakika?"

"Nimekaa kwenye foleni hii kuliko nilivyokaa na mke wangu. Hata hawa ng'ombe wanajua."

Bupe alijaribu kufikiria ni kitu gani Ubaruku hutokea Jumatatu na Alhamisi tu. Hakukipata. Akavuka barabara, akanunua chai vikombe viwili kwa Mama Pendo, akamletea Bi Mwanahawa kimoja.

"Ahsante mwanangu, lakini nimefunga."

"Si Ramadhani imeshapita?"

"Hii ni sunna. Kila Jumatatu na Alhamisi."

Bupe aliweka vikombe vyote viwili mezani, akavuta kiti.

"Bi Mwanahawa, siku ambayo hujafunga, ukifika hapa unafanya nini? Anzia mlangoni."

"Nafungua. Nawasha seva, maana haina haraka. Yenyewe ikijivuta, mimi naenda kwa Mama Pendo kunywa chai. Nikirudi nachomeka diski, naanza kazi."

"Na leo?"

"Leo chai ya nini? Nimekaa, nimechomeka diski, nimewasha."

"Diski ipi?"

Bi Mwanahawa alionyesha kidiski cheusi kilichoning'inia nyuma ya seva, kile kinachotunza nakala za akiba. "Kila jioni naondoka nacho. Marehemu mama yake Iqbal alikataza kitu cha thamani kulala mashineni. Wakati wake hata mawe ya mizani yalilala nyumbani."

"Na ukienda kunywa chai kinakuwa wapi?"

"Kapuni, mkononi mwangu. Nikiache hapa na nani?"

Bupe alichomoa diski, akawasha seva. Ikaandika mistari yake meupe, ikasimama. Akachomeka diski, akawasha upya. Ikawaka. Akarudia yote mawili, matokeo yakawa yale yale.

Seva ilikuwa imeelekezwa kuifungua diski hiyo kila inapowaka. Mfumo wa zamani ulipoikosa uliendelea na kazi. Mpya ulipoikosa ulisimama kusubiri amri ya mtu. Kila Iqbal alipofika kuiwasha upya, Bi Mwanahawa alikuwa ameshatoka kwenye chai na kuchomeka diski.

"Kwa hiyo mchawi ni chai yangu," alisema Bi Mwanahawa.

"Hapana. Mimi sikuuliza diski inalala wapi."

"Basi na ilale hapa," alisema Iqbal.

"Ikiibiwa utaniuliza mimi," alijibu Bi Mwanahawa.

Bupe aliongeza neno moja kwenye mipangilio: diski isipokuwepo, seva isisubiri. Akahakikisha pia kwamba ikichomekwa baadaye inapokea nakala kama kawaida. Kisha akamwomba Bi Mwanahawa asibadilishe chochote katika asubuhi zake.

"Tutaona kesho," alisema Iqbal.

Ijumaa Iqbal alifika kabla ya wote, hata Bupe. Bi Mwanahawa alifungua mlango, akawasha seva, akachukua kapu lake, akaenda kunywa chai. Mistari meupe ikapanda, ikafika pale ilipozoea kukwama, ikapita. Iqbal mwenyewe akakaa kwenye kiti cha karani. Ng'washi, ambaye siku hiyo hakusubiri ng'ombe wake wanywe, alitupia gunia la kwanza kwenye mizani.

"Ijumaa," aliwaambia ng'ombe. "Mmeona?"

Risiti ikatoka. Iqbal aliisoma mbele na nyuma, akampa Ng'washi. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ghala la Ruaha Mbuyuni, akamkabidhi Bupe.