Mtama wa Mama Mkwe

Mtama mwekundu wa Marietha ulikuwa mchungu hata ndege waliususa, na mwaka wa ukame ndio uliobaki umesimama pale Mungaa. Masuke ya mbegu aliyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Alipewa na mama mkwe wake kwa sharti moja: mbegu hii hukabidhiwa mkwe, au binti anapoolewa; mgeni hapewi.

Mwaka 1992 mgeni akaja. Elisha, mtaalamu wa mbegu kutoka mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Tunakusanya mbegu za asili tuziweke kwenye ghala la baridi. Zikipotea shambani, kule zitakuwepo."

Marietha alicheka moyoni. Tangu lini friji ikalea mbegu? Akaingia jikoni, akapita chini ya masuke yake, akachota mtama mweupe alionunua mnadani.

"Huu ndio wa mama mkwe wangu," akasema, macho makavu. Elisha akaandika kila neno.

Miaka ile biashara ya mazao iliachiwa watu binafsi na malori ya wanunuzi yakafika hadi vijijini. Binti yake Rahel, aliyeolewa Kinampanda na kupewa mbegu yake kama desturi, aliiacha.

"Mama, alizeti inafuatwa mlangoni. Mtama mchungu nimuuzie nani?"

Marietha alinuna, lakini ya kwake si ilikuwa jikoni?

Zikaja mvua za El Nino. Tembe lililowa wiki tatu, paa la udongo likaporomokea jiko. Watu walipona. Masuke yalifukuliwa yameoza. Marietha alilia kama aliyefiwa, mbele za watu.

"Usilie, mama," alisema Gaspari, bwana shamba. "Si uliwapa akiba wale wa ghala la baridi? Naandika barua leo."

Akajifuta machozi, akamwacha aandike. Miezi minne alijidanganya: jikoni mlikuwa na giza siku ile, huenda mkono ulikosea ukachota ule mwekundu.

Bahasha ilipofika, Gaspari alisoma kwa sauti. "'Mtama wa mama mkwe, Marietha, Mungaa. Tumeupanda upya mara mbili usije ukafa.'" Akammiminia kiganjani.

Ulikuwa mweupe, msafi, haukupungukiwa na kitu.

"Umeona, mama? Wametunza kama ulivyowapa."

"Ndiyo, baba," alisema Marietha. "Kama nilivyowapa."