Jukwaa la Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu alitaka jukwaa la chuma la kuhutubia wageni siku ya kufungua karakana mpya. Nililiunda kwenye kompyuta, umbo zima la kuzungushwa huku na huku, ngazi ikiwa nyuma. Kisha nikalitoa kwenye karatasi kwa mtazamo wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Kwenye picha ya mbele, ngazi iliyojificha nyuma niliionyesha kwa mistari ya vipande vipande, kama kazi inavyotaka.

"Hii mistari iliyokatikakatika ya nini?" mkurugenzi akafoka nilipompelekea. "Inachafua! Na mbona picha tatu? Jukwaa si moja?"

"Bosi, bila hizo mafundi hawataiona ngazi."

"Wewe kijana, kalamu yako, kampuni yangu. Futa, au ukafute vumbi kwenu."

Nikafuta, nikambakishia picha moja ya mbele, safi kama sahani iliyolambwa. Akaisaini kwa mbwembwe.

Mafundi wakachomelea kilichochorwa. Jukwaa likafika asubuhi ya sherehe, wageni wameshaketi, nalo linamfika mwenye nalo kidevuni. Akalizunguka mara ya kwanza akitabasamu, mara ya pili akitokwa jasho.

"Ngazi iko wapi?" akaninong'oneza.

"Si ulisema inachafua, mzee?"

Mafundi wawili wakamkamata makwapani, wakampandisha kama gunia la saruji.

Alihutubia mpaka jua likawa utosini. Wageni wakasifu ufasaha wake. Mimi nilijua anaogopa kushuka.