Dume wa Bishop Auckland

Nilirudi kutoka hospitali baada ya miezi miwili, na nyonga mpya na fimbo ya kutembelea, na kabla sijavua koti nikavuka uchochoro wa nyuma kwenda bandani kwa kaka yangu Cuthbert kumchukua Tansy. Nilipomwona, nilitamani kuivunja ile fimbo kichwani mwa mtu.

Tansy ni kicheche wangu wa kufugwa, jike, wa kuwindia sungura. Ukimtia shimoni, sungura hutoka mbio upande wa pili na kunasa wavuni. Marehemu baba aliufuga ukoo huo tangu enzi za machimbo ya makaa, na alipokufa aliniachia mimi, si Cuthbert. Jambo hilo Cuthbert hajalimeza mpaka leo. Tansy ndiye wa mwisho wa ukoo. Nilimwacha mnono, mkali, anang'ata wageni vidole. Sasa alikuwa amelala kwenye majani makavu, mkia umenyonyoka manyoya, miguu ya nyuma anaiburuza. Nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe pe! Nikamgeuza, nikaona sehemu zake za kike zimevimba, na tumboni ana madoa mekundu chini ya ngozi.

"Yuko kwenye joto tangu lini?" nikamuuliza Cuthbert.

"Tangu ulipoondoka, hivi. Wiki moja baadaye."

"Na Meya yuko wapi?"

Akatupa jicho kando. Dume mwenyewe, Meya, alikuwa kizimba cha pili, ubao mmoja tu katikati, ananusa kwenye ufa.

Mtaani kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba jike wa kicheche akishaingia kwenye joto hatoki mwenyewe. Asipopandwa, joto humtafuna mpaka limuue. Kwa hiyo wafugaji wote hutunza pamoja dume mmoja aliyefungwa uzazi, anayepanda lakini hazalishi, na huyo ndiye Meya. Kila majira ya kuchipua huzungushwa banda kwa banda. Huombi, huletewa. Hata watu wasiosalimiana huletewana Meya.

"Sikiliza kwanza, Hilda," akasema Cuthbert, mikono mbele kama mtu anayetuliza farasi. "Kuna dume huko mjini Bishop Auckland. Ungemwona! Kifua hiki hapa! Mwenye dume ameniahidi atamleta. Sasa ningemtia Meya, Tansy angepoa, angejiona ana mimba wiki sita nzima, na dume akija tungeambulia patupu. Nikasema nimweke tayari."

"Umweke tayari? Birika hilo, ulibandike lichemke mpaka mgeni atakapojisikia kuja?"

"Kila wiki jamaa alisema wiki ijayo. Subira yavuta heri, dada."

"Subira imeshamla mkia! Na nani alikwambia nataka watoto? Uliniuliza? Nilikuwa nimelazwa, sikuwa nimekufa!"

Akanuna. Akasema kwa sauti ya chini, kama anatema kokwa, "Asiyekuwepo na lake halipo."

Nilimfunga Tansy kwenye sweta langu nikaondoka. Kama ningebaki dakika moja zaidi ningelala polisi.

Daktari wa mifugo, Bi Pallister, ni mtu asiyezunguka maneno. Alimpima damu, akaniwekea majibu mezani. Alisema homoni za joto zikikaa mwilini muda mrefu huua uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Tansy alikuwa amebakiwa na damu ya kuvukia usiku mmoja, labda miwili.

"Nitamchoma sindano ya kumtoa kwenye joto," akasema. "Lakini sindano haifanyi kazi leo wala kesho, na yeye anahitaji damu sasa. Niletee dume mkubwa, mwenye afya. Vicheche hawana mambo ya makundi ya damu kama sisi, yeyote atafaa."

"Na akipona?"

"Akipona na kupata nguvu, namtoa kizazi. Joto jingine kama hili hatalivuka, Hilda."

Dume mkubwa kuliko wote mtaani petu ni Meya. Nikarudi, nyonga inawaka moto, nikamkuta Cuthbert anapalilia vitunguu vyake vya kushindania maonyeshoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Meya nitakupa," akasema. "Ila uniahidi kitu. Kizazi asitolewe. Azae mara moja tu, kisha mfanye mtakavyo. Ni ukoo wa baba, Hilda. Mwenzio nakuomba."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Niliona kila kitu kwa mpigo mmoja. Mama alikaa dirishani miaka yote akimsubiri baba atoke baa. Mimi niliambiwa nisubiri baba apone ndipo niolewe, na baba hakupona, na aliyenitaka alichoka kusubiri. Nyumba yetu nzima kila cha kike kimewekwa tayari kwa ajili ya mwanamume ambaye yuko njiani. Na sasa hata mnyama!

"Cuthbert," nikamwambia, "unauza damu?"

"Usinitukane."

"Nakuuliza. Kuna kiumbe anakufa kwa upumbavu wako, na dawa iko kizimbani mwako, nawe unanipangia bei. Kama si kuuza, nini?"

Nikampita. Nilifungua kizimba mwenyewe na kumshika Meya shingoni, naye akaning'ata kidole gumba mpaka mfupani. Sikumwachia. Nilitembea barabara nzima damu ikinichuruzika kwenye fimbo, na nikisikia buti za Cuthbert nyuma yangu. Hakunizuia. Hakusaidia pia.

Meya alilazwa usingizi, akatolewa damu shingoni, na ile damu nyeusi nzito ikaingizwa taratibu kwa Tansy. Cuthbert alisimama ukutani, kofia mkononi. Ilipofika jioni Bi Pallister alimfunua Tansy mdomo, na fizi zilikuwa na rangi kidogo, ya waridi iliyofifia. Nililia. Cuthbert naye alilia, na nilichukia kwamba alilia, maana ilinilazimu kumwonea huruma.

Meya alitoa damu mara ya pili, na safari hiyo Cuthbert alimleta mwenyewe. Tansy akaanza kula ini, halafu kung'ata. Agosti Bi Pallister akasema damu imepanda, sasa naweza kumleta kupasuliwa.

Asubuhi hiyo nilimkuta Cuthbert mlangoni mwa zahanati ya mifugo, amekumbatia kikapu. Uso unamng'aa.

"Amekuja, Hilda! Jamaa amemleta jana! Hebu chungulia tu."

Nikachungulia. Sitasema uongo, alikuwa dume mzuri ajabu, kichwa kipana, manyoya yanameta. Baba angemtazama siku nzima.

"Ni mzuri," nikasema.

"Si nilikwambia? Basi mara moja tu, kabla hajapasuliwa. Tafadhali. Baba angesemaje?"

"Baba amekufa. Nimebaki mimi, na mimi nimesema hapana."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Kisha akatazama kikapu chake, na yule dume akakwaruza ndani, anataka kutoka.

Mkono mmoja nilikuwa na sanduku la Tansy, wa pili fimbo.

"Weka hicho chini," nikamwambia, "unifungulie mlango."

Akakiweka chini, akafungua.